Siku Bi Sumaku Alipomwomba Radhi Kutu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na kikohozi kile kimekuachia walau usingizi wa maana. Sisi huku hatujambo kabisa, na safari hii nikisema hatujambo naomba uniamini, kwa sababu nina mengi ya kukusimulia na yote yameishia pazuri. Nakwambia mapema ili usisome huku umeshika kifua. Wifi anakusalimu, wajukuu zako wanakusalimu, na Kaka anakusalimu sana. Ameketi hapa mkabala nami anajifanya anasoma gazeti, lakini kila nikigeuza karatasi anachungulia.

Najua umeshaukunjia uso mwandiko wangu. Barua iliyopita uliisifu mpaka nikaona haya. Ulisema hatimaye naandika kama mtu aliyekwenda shule, herufi zimenyooka na mistari imepangana. Hii ya leo imerudia ubaya wake wa zamani, na pengine imezidi. Usiulize kwanza, Mama. Soma tu, jibu liko mbele.

Kazi yetu unaijua, maana ilianzia mezani kwako, juu ya karatasi ulizotuletea kutoka ofisini, zile zilizoharibika mashineni ulipokuwa ukipiga chapa. Kaka alikuwa anabuni, mimi nachora. Hata Bi Sumaku alizaliwa pale pale, kutokana na kile kisumaku chako cha kuokotea vibanio vya karatasi. Leo ni mtu mzima, ana jarida lake la katuni, ana wasomaji wanaomwandikia salamu za siku ya kuzaliwa, lakini kwangu bado ni yule yule: fundi wa cherehani aliyepigwa na radi, ambaye tangu siku hiyo vyuma vyote humfuata. Anaweza kusimamisha treni kwa kiganja, ila hawezi kupita jikoni kwa mtu bila kufuatwa na vijiko. Na adui yake ni yule Kutu, jitu la kofia ya chuma lisiloonyesha uso, ambalo likigusa nguzo ya daraja kwa mkono wake wa kulia, nguzo inaoza na kudondoka.

Sasa ngoja nikueleze kitu kimoja cha kazi ambacho hukijui, kwa sababu bila hicho hutaelewa kilichotupata. Kaka anapoandika mswada, anaipiga karatasi mstari katikati. Upande wa kushoto anaandika kinachoonekana, upande wa kulia anaandika kinachosemwa. Mimi nachora kutoka upande wa kushoto na kuacha viputo vitupu, yale mapovu ya maneno yanayotoka midomoni mwa wahusika. Kisha kurasa zinakwenda kwa Bi Herufi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye kazi yake ni kujaza maneno ndani ya viputo kwa mkono, kutoka upande wa kulia. Kila mtu na upande wake. Ila zamani mimi nilikuwa nasoma pande zote mbili, tena namgombeza Kaka neno kwa neno. Nilikuwa namwambia hakuna mtu anayeanguka ghorofani akatoa hotuba ndefu kiasi hicho. Alikuwa anakasirika, halafu anafuta.

Shida ilianzia kwenye ukungu. Kaka yangu, na anayasoma haya akiwa ameinamisha gazeti, hajawahi kuandika watu watatu. Yeye akiandika watu ni umati. "Jeshi linaingia mjini" kwake ni maneno matatu na kikombe cha chai. Kwangu mimi ni wiki nzima ya kuchora viatu. Miaka yote nilivichora viatu hivyo kwa furaha. Halafu mwaka jana nikaanza kuweka ukungu, mwanzoni kidogo tu, pembeni. Umati ukabaki vichwa vya mbele, nyuma moshi. Soko zima likajificha nyuma ya vumbi la lori. Bandari ikapotea, ikabaki kamba moja ya meli. Wasomaji wakaanza kuuliza mji ule una kiwanda gani kinachofuka usiku na mchana.

Kaka alivumilia kidogo, kisha akashindwa. Akaja ofisini, akazimwaga kurasa zangu juu ya meza yangu ya kuchorea mbele za watu, akaniuliza mji wake uko wapi. Akasema yeye ameandika mji, na kilichorudi ni mvuke wa sufuria. Akasema kama nimemchoka Bi Sumaku niseme, mtu halazimishwi. Nami unanijua nikichokozwa, Mama. Nikamwambia anayetaka umati ashike kalamu auchore mwenyewe. Hapo ndipo alipotamka neno ambalo lilinikaa kooni muda mrefu: alisema siku hizi ananibeba tu. Kunibeba! Mimi niliyemchorea mpaka pua ya Bi Sumaku, ambayo yeye aliisahau kabisa kwenye mswada wa kwanza.

Tukanuniana. Hukuambiwa, lakini nadhani ulinusa. Ile siku tulipokuja kwako, mimi nikakaa kiti cha mlangoni na yeye akaenda dirishani, ukatuuliza mbona tunapitishiana sukari kupitia kwa Wifi. Tukacheka wote wawili kicheko cha kuazima, ukatutazama tu, ukaenda kuongeza maji kwenye birika. Tulipotoka hapo, kila mmoja akashika njia yake bila hata kuagana.

Tangu hapo miswada ikawa inapitia kwa mhariri, yule tunayemwita Mkasi kwa jinsi anavyopenda kukata. Kaka anampa Mkasi, Mkasi ananipa mimi, nami narudisha njia hiyo hiyo. Na kwa hasira zangu nilifanya jambo la kitoto. Nilichukua kipande cha kadibodi nikaufunika upande wa kulia wa kila karatasi. Nilijiambia kazi yangu ni kuchora, basi nitachora. Maneno yake ayaweke. Kwa hiyo kwa muda wote ule nilimchora Bi Sumaku akifungua mdomo bila kujua anasema nini. Kaka hakuwa na habari. Alidhani bado nasoma kote kote.

Ukungu ukazidi, na Mkasi naye akachoka. Akaniita, akafunga mlango, jambo ambalo halifanyi ila kwa habari mbaya. Akaniambia toleo linalofuata ndilo la mwisho kwangu, na baada ya hapo Bi Sumaku atapewa mchoraji mwingine, hodari wa kuchora misuli. Niliwahi kuziona kazi za huyo hodari. Hata bibi anayeuza maua ana mabega kama magunia. Nikauliza kama Kaka anajua, Mkasi akajibu ameshaambiwa. Basi nikaamini Kaka ndiye aliyeomba niondolewe. Nilitoka pale nikatembea mpaka kituo cha mabasi, nikaacha mabasi yapite bila kupanda hata moja. Sikuwa naogopa kukosa kazi, Mama. Nilikuwa nampoteza Bi Sumaku na Kaka kwa pamoja, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu wa kumwambia mambo ya namna hiyo siku zote amekuwa ni yeye.

Nikachora toleo hilo la mwisho. Ukurasa wa kufungia, Kaka alikuwa ameandika upande wa kushoto kwamba daraja kuu linaporomoka, umati umejaa kingo zote mbili, na Bi Sumaku amesimama juu ya Kutu aliyeshindwa. Daraja sikulichora. Umati sikuuchora. Nilijaza ukungu ukurasa mzima, katikati nikawaweka hao wawili tu. Bi Sumaku ameinama. Kutu amepiga magoti, amekishika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kichwa chini. Sikupanga kumchora hivyo. Nadhani nilimchora hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimekaa mimi mwenyewe asubuhi hiyo kwenye ukingo wa kitanda. Nikaacha kiputo kimoja kitupu, kikubwa, juu ya kichwa cha Bi Sumaku, nikapeleka kurasa, nikarudi nyumbani.

Siku jarida lilipotoka sikutaka hata kuliona. Nilikwenda kununua mkate. Kwenye kibanda cha magazeti pale kona, nikakuta watu wamesongamana, mwenye kibanda anawaomba wanunue kwanza ndipo wasome. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa anafuta macho na huku anasema alijua, alijua siku nyingi, damu haijifichi. Nikachungulia begani kwake. Ulikuwa ukurasa wangu, ukungu wangu, wale wawili wangu. Na ndani ya kiputo, kwa mwandiko mzuri wa Bi Herufi, Bi Sumaku alikuwa anamwambia Kutu maneno haya:

"Mdogo wangu, mkono wako unauma na mimi nilikuwa sijui. Nisamehe kwa nililokwambia. Pumzika, mimi nipo. Twende nyumbani, na Mama asijue kwamba tuligombana."

Nilikaa juu ya kreti la soda la mwenye kibanda, mkate mapajani, nikasoma tena na tena. Watu waliokuwa pale walielewa jambo moja, kwamba Kutu ni ndugu wa Bi Sumaku na kwamba miaka yote hiyo alikuwa anabomoa madaraja kwa sababu ya maumivu ya mkono. Mimi nilielewa lingine. Nilijua ni nani anayeniita mdogo wangu, na nilijua mkono unaosemwa ni upi.

Sasa tafadhali usinyanyuke kitini. Mkono wenyewe ni wangu. Ule ukungu haukuwa uvivu wala kumchoka mtu. Mwaka jana vidole vyangu vya kulia vilianza kufa ganzi, kisha yakaja maumivu yanayopanda mpaka kwenye kiwiko, kisha kalamu ikaanza kunidondoka. Umati huwezi kuuchora na kalamu inayodondoka. Ukungu unaweza. Na maumivu yalipozidi nikahamia mkono wa kushoto, kimya kimya, nikajifunza kufukiza mji mzima kwa mkono wa kushoto. Sikumwambia Kaka kwa sababu angeacha kuandika umati kwa kunihurumia, na mimi huruma siiwezi. Na wewe sikukwambia kwa sababu nakumbuka beseni. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kazini na kuloweka mikono yako kwenye beseni la maji ya moto, hutaki kusemeshwa, na baadaye ukaiacha mashine kabisa. Niliogopa ukisikia utajua mwisho wake kabla yangu.

Kutoka pale kwenye kreti nilikwenda moja kwa moja kwa Kaka. Wifi alifungua mlango, akaniangalia, akanishika mkono akanivuta ndani bila swali. Kaka alikuwa mezani na jarida limefunguliwa pale pale, uso umemshuka kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nikamuuliza amejuaje. Akasema alizichukua kurasa za toleo la nyuma akiwa na hasira, anatafuta makosa mengine ya kuniongezea, ndipo akaona vile vistari ninavyotilia kivuli. Akasema tangu utotoni vistari vyangu vimelalia upande mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa anakaa kushoto kwangu pale mezani kwako, anaviona vinavyoinuka kuelekea kulia. Kwenye kurasa zile vilikuwa vimelalia upande wa pili, vyote. Akajua hapo hapo kwamba mkono ulioshika kalamu sio ule anaoujua.

Basi akachukua mswada wa mwisho, ambao ulikuwa bado uko kwake. Pale kwenye kiputo cha kufungia alikuwa amemwandikia Bi Sumaku aseme, "Kutu, leo ndio mwisho wako!" Anasema hakuweza tena kuutazama mstari huo, akaukata, akidhani ataandika mwingine. Halafu akanikumbuka, na chini yake, upande ule ule wa kulia kwa kuwa kushoto kulikuwa kumejaa umati, akaniandikia mimi maneno yale. Yalikuwa yangu, ya kusomwa na mimi peke yangu. Akaupeleka mswada akasahau kabisa kwamba kiputo hakina maneno. Mimi na kadibodi yangu sikuona kitu. Mkasi, kwa kuwa toleo hilo alikuwa ameshalikatia tamaa, alikagua jalada na matangazo tu. Bi Herufi akakuta upande wa kulia pana maneno, akayaweka panapowekwa maneno.

Na Kaka, maskini, alikuwa anasubiri jibu. Kila mlango ukigongwa anadhani ni mimi. Nilivyokaa kimya akaamini nimeukataa msamaha wake. Akaniambia, kwa sauti ile anayojifanya hajali, kwamba mji mzima umesoma jinsi alivyoniomba radhi kabla yangu mimi niliyeombwa. Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mimi. Tulicheka mpaka Wifi akaja na mwiko mkononi kuangalia kama tunapigana, na alipotuona yeye naye akakaa chini. Halafu nikalia, Mama, nililia vizuri, na Kaka akanishikia mkono wangu mbovu kama ameshika yai, hajui auweke wapi. Ndipo aliponiambia kwamba Mkasi alipomtajia yule hodari wa misuli, alimjibu kwamba nikiondoka mimi anaondoka na yeye, na kwa Bi Sumaku watabaki na ukungu mtupu. Hakuna aliyeniambia hilo.

Tuliitwa ofisini wote wawili. Njiani tuliagana kabisa na kazi. Kaka alisema tutafungua duka la kuuza vibanio vya karatasi. Tulimkuta Mkasi amesimama, mshipa wa shingo umemtoka, simu ya mezani inalia na hakuna anayeipokea. Akauliza kwa utaratibu, na Mkasi akiuliza kwa utaratibu ujue hali ni mbaya, tangu lini Kutu ni ndugu yake Bi Sumaku, na kwa nini yeye, mhariri, anaarifiwa na wauza magazeti. Mwanao huyu akajibu bila kupepesa jicho kwamba mpango huo ulikuwepo tangu toleo la kwanza. Mkasi akanigeukia. Nami nikasema ndiyo, na ule ukungu ulikuwa dalili, tulikuwa tunawaandaa wasomaji taratibu. Simu ikalia tena. Mkasi akaipokea, akasikiliza, akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba ndiyo, ni kweli, na kwamba ofisi yake ilikuwa inaujua mpango huo siku zote. Alipoiweka chini, habari ya mtu wa misuli ilikuwa imekwisha, na hatujaisikia tena mpaka leo.

Niliposhuka ngazi nilipitia chumbani kwa Bi Herufi. Nikamuuliza ilikuwaje akaandika vile, hakuona kwamba hayo si maneno ya Bi Sumaku? Akanitazama juu ya miwani yake akasema yeye huandika kilichoko upande wa kulia, hajaajiriwa kuuliza. Hiyo ni kauli yake, na mpaka leo hajaibadilisha. Lakini huyu ni mtu aliyewahi kuturudishia ukurasa mzima kwa sababu mkia wa kiputo ulielekea kwa kondakta badala ya abiria. Tena kurasa zangu zote hupita mikononi mwake, kwa hiyo mistari yangu anaijua kuliko mtu yeyote isipokuwa Kaka.

Kadibodi nimeitupa. Toleo lililofuata tulilifanya namna ambayo hatujawahi. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa haufai, Kaka aliandika hadithi nzima ndani ya jiko moja: Bi Sumaku na Kutu wamekaa mezani wanazungumza, vijiko vinamsogelea dada mtu, ndugu mtu anaviepuka visioze. Hakuna jeshi, hakuna daraja. Nilichora kwa mkono wa kushoto bila kuficha, mistari inatetemeka, na Kaka akasema hivyo ndivyo Kutu anavyouona ulimwengu. Mimi nikampa mistari miwili ya maneno, akaikubali bila ubishi. Yeye naye akawa ananipigia visanduku vya picha kwa rula na kunionyesha kwa mchoro anavyotaka watu wakae. Mama, mwanao hajui kuchora. Alichora paka nikadhani ni kiti, nikamkalisha Kutu juu yake. Lakini ndani ya jiko lile tulielewana kuliko tulivyowahi kuelewana katika vita vyote tulivyopigana na majeshi yake.

Sasa nimefika kwenye lile nililokuwa nalizunguka. Kaka alinipeleka hospitali mwenyewe, akinishikilia kama nitatoroka. Daktari, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alinibonyezabonyeza akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo, na kwamba nimechelewa lakini sijachelewa mno. Akasema dawa yake ni kupasuliwa, na kwamba hawezi kuniahidi kitu. Nikapasuliwa, Mama. Wakati unasoma barua ile iliyopita, ile nzuri, mimi nilikuwa nimefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Ile barua niliisema kwa mdomo, na aliyeiandika ni Bi Herufi, ameketi kando ya kitanda changu na kalamu yake ya kazini. Nilimwomba auharibu kidogo mwandiko wake ili ufanane na wangu. Alikataa, akasema hilo haliwezi.

Bendeji ilipotolewa niliogopa kuliko siku ya kupasuliwa. Daktari alinipa penseli akaniambia nichore chochote. Kaka alikuwa amegeukia ukutani, anasoma tangazo la kunawa mikono kama vile atatahiniwa. Nikachora kijiko. Halafu nikakitilia kivuli, polepole, na vistari vikalala upande wake wa zamani. Penseli haikudondoka. Nikamwita Kaka aje aangalie. Alikitazama kijiko kile, akapenga kamasi, akaniuliza kama naweza kuchora jeshi.

Bado nafanya mazoezi ya vidole, nabinya kitambaa chenye maji asubuhi na jioni, na nikichoka napumzika, hilo nakuahidi. Ganzi imekwisha. Maumivu yanakuja kidogo kukiwa na baridi, kisha yanakwenda zake. Na barua hii yote, tangu shikamoo mpaka hapa, nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia. Ndiyo maana herufi zake ni mbaya. Naomba uzitazame tena ubaya wake ufurahi kama ninavyofurahi mimi.

Limebaki ombi moja. Wasomaji hawatuachi. Tangu siku ile wanauliza, huyo Mama asiyetakiwa kujua ni nani, yuko wapi, na siku akijua itakuwaje? Mkasi anataka jibu katika toleo lijalo. Kaka ameshaandika ukurasa wenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ameandika watu watatu tu: Bi Sumaku na Kutu wamesimama mlangoni, na ndani kuna mama yao amekaa karibu na dirisha. Tutakuja Jumapili, wote wawili kwa njia moja, nikuchore mahali pako. Usijipambe, na beseni liache lilipo. Upande wa kulia wa karatasi Kaka ameuacha mtupu. Anasema amejaribu kukuwekea maneno mdomoni akashindwa, kwa hiyo utatuambia mwenyewe utakalosema ukifungua mlango ukatuona tumekuja pamoja.

Msalimie jirani wa juu anayekusaidia kupandisha maji, na umwambie kiti cha mlangoni na kile cha dirishani avisogeze karibu kabla hatujafika. Kaka anasema niongeze kwamba paka wake hakufanana na kiti. Alifanana. Kaa salama, Mama, utunze goti, na usilie juu ya karatasi hii maana wino bado mbichi.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,
mwenye mwandiko mbaya.